Wachezaji Wamekwama Kariakoo: Jibu kwa Mwendesha Mchezo

*"Naendesha mchezo wa uhusika wa mezani kwa wachezaji wanne: mimi nasimulia, kila mmoja anaigiza mhusika wake, na dadu zinaamua kama amefaulu. Ni fantasia ya mjini: Dar es Salaam ya leo, ila majini wana mitaa yao na wachawi wana mabaraza yao. Tunatumia kanuni za dadu mbili za pande sita. Kisa ni cha mfanyabiashara wa Kariakoo aliyetoweka. Aliyemchukua ni jini wa kivukoni. Njia ya kumpata ni risiti iliyo stoo, inayowapeleka kwa mlinzi, mlinzi anawaelekeza kwenye daftari la wakala wa forodha, daftari linawafikisha kivukoni. Nimeandika kurasa 22. Lakini vikao viwili sasa hawajatoka Kariakoo, kwa sababu walikosa kwenye dadu walipopekua stoo na hawakuiona risiti. Mmoja ana uwezo wa kusoma mawazo na ananivunjia kila siri. Mwingine akiona jambo tu, anapiga simu polisi. Na tulipofika kwa mganga, dada mmoja aliyekuwa akichangia sana alinyamaza hadi mwisho. Niandike kurasa zaidi, au nibadilishe kanuni?"*

Ndugu yangu, usiandike kurasa zaidi, na kanuni zako ziache zilivyo. Hofu yako naiona: unadhani hukujiandaa vya kutosha. Mtu aliyewaandikia wenzake wanne kurasa 22 amejiandaa mno. Shida ni kwamba kurasa hizo zina njia moja ya kupita na siri moja ya kulinda. Njia ikiziba, mchezo unasimama. Siri ikifichuka mapema, hakuna kilichobaki cha kuchezwa. Risiti, msoma mawazo na simu za polisi ni matawi ya shina hilo moja. Kunyamaza kwa dada ni jambo jingine, na ni zito kuliko hayo yote, kwa hiyo tuanze nalo. Lishughulikie kabla hamjakutana tena.

Huenda alichoka tu, au kisa kilimpita. Usikisie. Mpigie simu au kaa naye pembeni, si mbele ya wenzake wala kwenye kundi la WhatsApp, umwulize: "Juzi tulipofika kwa mganga nilikuona umenyamaza. Kuna kitu pale nikitoe, au nikipunguze?" Usimwulize kwa nini. Akitaka kueleza ataeleza mwenyewe; asipotaka, jibu la ndiyo au hapana linatosha kukuonyesha cha kurekebisha.

Waendeshaji wengi hujitetea kwamba huu ni mchezo tu na kila mtu anajua si kweli. Kwetu utetezi huo hausimami. Kwa meza ya wachezaji wa Stockholm, jini ni kiumbe wa hadithi sawa na joka. Mezani kwako anaweza kuwapo Mwislamu anayesoma Sura ya 72, iliyopewa jina la majini, na anayejua wapo kama anavyojua malaika wapo. Anaweza kuwapo Mkristo ambaye kanisani kwake pepo hukemewa kwenye maombezi, au mtu ambaye mjomba wake alimaliza akiba yote kwa waganga akitafuta nafuu ya ugonjwa. Ukaribu huo ndio unaoupa mchezo wako nguvu ambayo joka hawezi kuuletea. Ndio pia unaokudai uangalifu.

Kwa hiyo tunga, usinukuu. Usisome aya wala dua ya kweli kama maneno ya uganga wa mhusika. Usichore hirizi ukaigawa kama kifaa cha mchezo, na usifukize ubani mezani eti kuleta hali. Majina ya majini yabuni mwenyewe, usiazime yanayoitwa kwenye ngoma za pepo. Mganga wa kisa chako apewe kazi inayoeleweka na isiyofanana na matibabu ya kweli; kwa mfano, anatunza orodha ya ahadi zote zilizofungwa mjini na anajua ipi imevunjwa.

Mambo mawili yaondoe kabisa, hata kama hakuna aliyelalamika. La kwanza ni viungo vya watu wenye ualbino kuwa na nguvu yoyote. La pili ni kikongwe mwenye macho mekundu kuwa mchawi. Tanzania watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani hiyo ya kwanza, na akina bibi wameuawa kwa hiyo ya pili, macho yao yakiwa yamegeuka mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa kuni. Mchawi wako anaweza kuwa na umri na sura yoyote nyingine.

Kisha tenga dakika 15 mwanzoni mwa kikao kijacho. Kila mmoja, na wewe ukiwamo, apate vikaratasi viwili asivyoandika jina. Kimoja ni cha mambo yasiyoingia mchezoni kabisa. Kingine ni cha mambo yanayoweza kutokea, lakini nyuma ya pazia: yanatajwa kwamba yametokea, hayasimuliwi. Vikunjwe, vichanganywe kwenye bakuli, uvisome vyote kwa sauti ile ile. Weka pia katikati ya meza kadi yenye alama ya X, mbinu iliyobuniwa na John Stavropoulos. Anayeigusa, kilichosemwa hivi punde kinafutwa, haulizwi sababu, na mchezo unaendelea. Ya kwanza kuigusa iwe ya kwako, kwa jambo dogo, ili wengine waone haina aibu.

Kuna mahali ambapo ushauri wa aina hii unaishia. Mchezaji akikuambia hapati usingizi kwa hofu, anaona au kusikia vitu vya mchezo nje ya mchezo, au ameamini kuna mtu anamroga kupitia mhusika wake, msimamishie mchezo kwa heshima na umsaidie kuonana na watu ana kwa ana: kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali iliyo karibu, akiwa na ndugu anayemwamini, na kiongozi wake wa dini kama anataka. Usijaribu kumtuliza kwa kumtungia kisa kizuri. Hiyo si kazi ya mwendeshaji.

Sasa turudi stoo.

Kanuni za dadu mbili unazotumia, aina iliyoanzia kwenye mchezo wa Apocalypse World wa Vincent na Meguey Baker mwaka 2010, zinagawanya matokeo hivi: 6 kushuka ni kukosa, 7 hadi 9 ni kupata kwa gharama, 10 na kuendelea ni kupata bila doa. Bila nyongeza, yaani namba anayoongezewa mhusika juu ya dadu kwa uwezo wake, nafasi ya kufikisha 7 ni 21 kati ya 36, kama asilimia 58. Si haba, ukiitazama peke yake. Lakini kisa chako kina viungo vinne vilivyofungana: risiti, mlinzi, daftari, kivuko. Ukidai rusho moja kwa kila kiungo, nafasi ya kuvuka vyote vinne inashuka hadi asilimia 12 hivi. Hata mhusika mwenye nyongeza ya 1, ambaye kila rusho lina asilimia 72, atafika mwisho mara 27 tu katika 100. Kwa hiyo wachezaji wako hawakuwa wazembe wala hawakuwa na bahati mbaya. Kisa chenyewe kilijengwa kikwame.

Tiba ina sehemu mbili. Kwanza, kidokezo ambacho bila hicho kisa hakiendi, usikirushie dadu. Aliyeingia stoo na kupekua anaiona risiti, basi. Dadu zinaamua gharama ya kuiona. Akipata 10, anaiona na hakuna anayejua alikuwapo. Akipata 7 hadi 9, anaiona lakini anachagua: ama usiku umekwisha akipekua, ama mlinzi amemwona. Akipata 6, anaiona risiti ikiwa mkononi mwa mtu mwingine aliyetangulia kuingia, na mtu huyo anataka kujua nani kamtuma. Hapo kukosa kumezaa tukio, na tukio ndilo ulilolikosa kwa vikao viwili.

Pili, kila jambo unalotaka walijue lipewe vidokezo vitatu vya aina tofauti: kitu, mtu na mahali au wakati. Ili wajue kwamba jibu liko kivukoni, kitu kiwe risiti. Mtu awe mama lishe wa Magogoni, palipo kivuko, anayesema mfanyabiashara alikuja alfajiri tatu mfululizo, akanunua chai na asiinywe. Wakati uwe maji: kila alipoonekana kivukoni palikuwa na bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Hata ukiamua vidokezo hivyo vipatikane kwa kurusha dadu, nafasi ya kuvikosa vyote vitatu bila nyongeza ni asilimia 7 tu. Vitatu si vingi kama unavyofikiri. Kimoja watakikosa, cha pili watakielewa vibaya, cha tatu ndicho kitakachowafikisha.

Lakini hata vidokezo vikipangika vizuri, mji utabaki kuwa pazia la nyuma kama jini wako hana sababu ya Dar es Salaam. Kisa hiki kingeweza kuhamia mji wowote wenye maji, na hapo ndipo kurasa zako zimekosa utamu. Fantasia ya mjini inaishi pale ambapo jambo la ajabu limesababishwa na jambo la kweli la mji. Chukua kivuko chenyewe. Tuseme jini wako alikuwa na haki ya zamani: kila anayevuka maji kwenda Kigamboni anamwachia kitu kidogo kisichoonekana, dakika ya usingizi, jina la mtu aliyemsahau. Kisha Aprili 2016 Daraja la Nyerere likafunguliwa. Pantoni zinaendelea, lakini maelfu sasa wanavuka juu ya maji bila kumlipa mtu yeyote aliye chini. Kipato cha jini kimepungua, naye ameanza kudai madeni ya kale aliyokuwa ameyasamehe. Babu wa mfanyabiashara aliapa kivukoni. Mjukuu ndiye anayelipishwa.

Tazama kilichobadilika. Jini si mwovu, ni mdai. Mfanyabiashara si mtu asiye na lake, ni mrithi wa deni. Na swali la kisa limetoka kwenye "nani kamchukua?" limekwenda kwenye "tufanye nini na deni ambalo kweli lipo?" Swali la namna hiyo halifi siri inapofichuka.

Fanya hivyo kwa mahali pengine pawili au patatu, si zaidi. Kariakoo limepata jina kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na wengi waliobeba mizigo ile hawakurudi makwao. Katika mchezo wako kunaweza kuwa na sheria kwamba sokoni mzigo usio na mwenyewe haulali peke yake, kuna wanaoulinda. Basi mzigo wa mfanyabiashara uliotelekezwa una mashahidi. Waandike kwa heshima, maana hao walikuwa watu wa kweli. Sanamu ya Askari, iliyosimama katikati ya mji tangu 1927, singe yake imeelekea bandarini: huo unaweza kuwa mpaka ambao viumbe wa baharini hawauvuki bila mwaliko. Mchezaji wa Dar aliyepita hapo mara mia ataiona sanamu upya, na hilo halihitaji kurasa za maelezo. Ajali na majanga ya karibuni ambayo familia bado zinayaomboleza yaache kando.

Badala ya kurasa 22 andika karatasi moja ya watu. Sita wanatosha. Kila mmoja apate mistari minne: anataka nini wiki hii, ana nini mkononi, anaamini nini kuhusu kutoweka, na anadaiana na nani. Mstari wa mwisho ndio wenye kazi kubwa. Mchezo wa Urban Shadows wa mwaka 2015 uliligeuza deni kuwa kanuni kamili: kila fadhila inaandikwa, na aliyeitenda anaweza kuja kuidai. Huhitaji kununua mchezo huo ili kutumia wazo hilo. Chora tu mishale kati ya majina, na wahusika wa wachezaji wawemo.

Mstari wa tatu ndio dawa ya msoma mawazo. Una njia tatu, nami nazipima wazi. Unaweza kumnyang'anya uwezo huo, lakini aliuchagua kwa kuacha uwezo mwingine. Hiyo ni dhuluma. Unaweza kumvisha kila mtu muhimu kinga ya kichwa. Hiyo ni dhuluma ile ile kwa njia ya kuzunguka, na mchezaji ataigundua mara ya pili. Njia ya tatu ni kuuacha ufanye kazi kwelikweli, ukikumbuka kwamba kichwa cha mtu kina anachoamini, si ukweli. Wakala wa forodha anaamini kwa dhati kwamba mfanyabiashara amekimbia wadai wa benki. Msomaji atalikuta hilo, litakuwa la kweli kwa wakala, na litakuwa kosa. Akipata 7 hadi 9, usomaji uende pande zote mbili: wakala anabaki na kumbukumbu moja ya mhusika asiyojua ameitoa wapi. Njia hii inakugharimu kufikiri zaidi kuliko zile mbili, kwa sababu lazima ujue kila mtu anaamini nini. Ndiyo maana iko kwenye karatasi.

Anayepiga simu polisi hakuharibii mchezo. Anakuuliza swali la haki: katika mji huu, dola iko wapi? Ukimjibu kwamba polisi hawapokei simu, umemwambia mji wako ni wa karatasi. Waache waje. Askari atataka jina la mlalamikaji, kosa lililotendwa na ushahidi, atafungua jalada, na kwa mtu mzima aliyetoweka atawauliza ndugu kwanza. Mhusika akianza kueleza uwezo wake mwenyewe, kumbuka Tanzania ina Sheria ya Uchawi tangu 1928, na kujitangaza kuwa na nguvu za uchawi ni kosa chini yake. Anayetafuta msaada anaweza kutoka kituoni akiwa mtuhumiwa. Kisha mwonyeshe mlango mwingine: mjumbe wa nyumba kumi. Yeye hana bunduki wala gari, lakini anajua nani kahamia lini, nani anagombana na nani, na nyumba ipi taa haizimwi. Mwingize kwenye ile karatasi ya watu sita, mchezaji huyo akiridhika kwamba mji una wenyewe, simu zitapungua bila wewe kumkataza.

Kinachobaki ni muda. Chora duara, ligawe vipande sita, liweke mezani mahali wote wanaliona. Hilo ni maji yanayotoka mafu, yanapojaa kidogo tu, kwenda bamvua, safari ya siku saba hivi, na bamvua likifika jini anamchukua mfanyabiashara moja kwa moja. Jaza kipande wakikosa kwenye dadu na huna tokeo jingine la papo hapo, wakilala, au wakichagua kupoteza muda. Kila kipande kiwe na jambo la kuonekana: cha pili, visima vya Kigamboni vinaonja chumvi, cha nne, pantoni inazima injini katikati na abiria wote wanasahau jina moja. Kikao kinachodumu saa tatu huwa na marusho kumi na mawili hivi, na kwa nyongeza za 0 na 1 utapata makosa matatu hadi matano. Si yote yatakayojaza duara, kwa hiyo vipande sita vitadumu karibu vikao viwili. Usiongeze duara la pili hadi hili liishe. Maduara manne mezani huwa hesabu, na wachezaji huanza kuyatazama badala ya kutazamana.

Kama baada ya vikao vitatu bado unahisi meza inakuponyoka, mwalike mwendeshaji mwenye uzoefu akae pembeni kikao kizima bila kucheza. Namna unavyokata tukio, nani unampa nafasi na nani unamruka, ni vitu ambavyo huwezi kujieleza mwenyewe kwa maandishi. Lazima mtu avione.

Jumamosi hii usirudi stoo. Waambie wazi: "Risiti mliiona, niliwanyima kwa kosa langu." Halafu anza alfajiri, Magogoni. Pantoni imejaa, maji bado ni mafu, mama lishe anamimina chai ya tatu kwenye kikombe ambacho hakuna aliyekiagiza na kukisukuma mbele ya yule dada, kama amekubali kuendelea. "Yeye alisema mtakuja wanne," mama anasema. "Nani kati yenu ndiye mdhamini?"